Ndui Ilivyotokomezwa: Mahali pa Utaratibu na Mahali pa Ubunifu katika Mradi wa Afya

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiendesha kwa wakati mmoja miradi miwili ya kutokomeza magonjwa. Wa kwanza ulikuwa wa malaria. Ulianza mwaka 1955, ukiwa na fedha nyingi, watumishi wengi, na miongozo iliyoeleza kazi hatua kwa hatua. Wa pili ulikuwa wa ndui. Bajeti yake ilipita mwaka 1966 kwa tofauti ya kura mbili tu, ukatengewa dola za Marekani milioni 2.4 kwa mwaka kwa kazi ya dunia nzima, na hata baadhi ya wakuu wa Shirika hawakutarajia kwamba ungefaulu. Miaka kumi na miezi michache baadaye, mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa katika jamii alikuwa amepona. Mradi wa malaria ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1969, na malaria yenyewe ikabaki.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba tofauti hiyo yote ililetwa na uongozi. Ndui ilikuwa na udhaifu ambao malaria haina. Kirusi chake kiliishi ndani ya binadamu peke yake, hakikuwa na mbu wa kukibeba wala mnyama wa kukihifadhi. Mgonjwa wake alitambulika kwa macho, kwa kuwa malengelenge yalijaa usoni na mikononi, na aliyepona alibaki na makovu. Tena kulikuwa na chanjo ambayo dozi moja ilimkinga mtu kwa miaka mingi. Malaria hujificha katika damu ya mtu anayejiona mzima. Hata hivyo, wataalamu walioandika historia ya miradi hii wamerudi mara nyingi kwenye jambo jingine pia: namna kila mradi ulivyoamua ni kitu gani kifungwe kwa kanuni na kitu gani kiachwe mikononi mwa mtu aliye uwanjani. Swali hilo humkuta kila anayesimamia mradi wa afya, uwe wa nchi nzima au wa zahanati moja.

Mradi wa malaria ulipangwa kwa awamu nne: maandalizi, mashambulizi, uimarishaji, na utunzaji. Silaha kuu ilikuwa dawa ya DDT iliyopuliziwa kuta za nyumba. Waliouasisi waliamini kwamba maarifa yaliyohitajika yalikuwa yamekwisha kupatikana, na kwamba kilichobaki ni nidhamu ya utekelezaji. Kwa sababu hiyo utafiti ulipungua, na vijana wachache waliingia katika fani ya malaria, kwani ugonjwa ulidhaniwa kuwa njiani kutoweka. Mbu walipoanza kuizoea dawa, na watu walipoanza kupiga lipu upya juu ya kuta zilizopuliziwa au kulala nje wakati wa joto, miongozo haikuwa na nafasi ya kuyapokea mambo hayo. Nchi nyingi za Ulaya, na baadhi za Asia na Karibi, zilifaidika sana na mradi huo, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa. Lakini sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikuingizwa kabisa. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa mahali pachache palipojaribiwa, na kufikia mwaka 1968 maambukizi yalikuwa yameshuka sana. Kazi ikasimamishwa, na malaria ikarejea.

Asilimia 80, kisha asilimia 100

Ndui nayo ilianza kwa kanuni moja nyepesi. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipoazimia kuitokomeza mwaka 1959, baada ya pendekezo la Umoja wa Kisovieti, hesabu ilikuwa kwamba kila nchi ikichanja asilimia 80 ya watu wake, ugonjwa ungekosa pa kushika na kufa wenyewe. India ilijitahidi. Timu za chanjo zilizunguka, takwimu zikajaa, na wilaya nyingi zikavuka lengo. Ndui haikuondoka.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa makini na kila mwenye kuandaa mipango. Mwaka 1964 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliuchunguza uzoefu huo wa India, ikashauri kwamba lengo lipandishwe kutoka asilimia 80 hadi 100. Njia haikutiliwa shaka, ila kipimo kiliongezwa ukali. Wasimamizi wengi hufanya vivyo hivyo hadi leo. Mpango usipozaa matunda, watu huagizwa kuutekeleza kwa bidii zaidi, na fomu ya pili huongezwa kuhakiki kama ya kwanza ilijazwa.

Tatizo la India lilikuwa ndani ya namba yenyewe. Mchanjaji aliyepimwa kwa idadi ya watu aliowachanja alikwenda mahali ambapo watu hupatikana kwa urahisi, yaani shuleni. Watoto wale wale walichanjwa mwaka huu na mwaka uliofuata, ilhali vibarua wahamaji, wasio na makazi na wakazi wa vitongoji vya mbali hawakuguswa, na hao ndio waliobeba ugonjwa kutoka mahali hadi mahali. Mtumishi aliyetembea siku mbili kuwafikia wagonjwa watatu kijijini angeonekana mvivu kwenye taarifa ya mwezi. Jirani yake, aliyesimama mlangoni mwa shule, angepewa sifa.

Mmarekani D. A. Henderson alipopewa uongozi wa mradi huo mjini Geneva, aliandaa mpango wenye miguu miwili. Mmoja ulikuwa ule wa zamani, wa kuchanja watu wengi. Wa pili ulikuwa ufuatiliaji: kila kituo cha afya kitoe taarifa kila wiki ya wagonjwa wa ndui waliopatikana, hata kama ni sifuri. Mwanzoni mguu huo wa pili ulidharauliwa karibu kila mahali. Mwaka 1967 wagonjwa waliotolewa taarifa rasmi duniani walizidi kidogo 130,000, ilhali wataalamu baadaye walikadiria kwamba waliougua mwaka huo walikuwa kati ya milioni 10 na 15, na waliokufa karibu milioni 2. Kwa maneno mengine, karibu wagonjwa 99 kati ya kila 100 hawakuonekana na mfumo uliodai kupambana nao.

Ogoja, Desemba 1966

Mguu wa pili ulipata nguvu kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwezi Desemba 1966, daktari kijana William Foege alikuwa mashariki mwa Nigeria, katika eneo la Ogoja, akijiandaa kwa kampeni ya kuchanja watu wote. Habari zikaja kwamba kuna ndui katika kijiji kimoja. Shehena kubwa ya chanjo ilikuwa bado haijafika, na kiasi kilichokuwapo hakikutosha hata robo ya kazi iliyoelezwa katika mpango.

Wamisionari wa eneo hilo walikuwa na desturi ya kuzungumza kwa redio kila jioni. Foege aliwaomba jambo moja: kila mmoja atume watu kwenye vijiji vinavyomzunguka kuuliza kama kuna mwenye dalili za ndui, kisha watoe majibu redioni. Katika muda mfupi ramani ikawa mezani, si ya watu waliochanjwa bali ya mahali palipo na ugonjwa. Chanjo chache zilizokuwapo zikapelekwa kwanza kwa watu waliowazunguka wagonjwa hao, kisha kwenye vijiji ambavyo, kwa kufuata nyendo za masoko na udugu wa koo, vilidhaniwa kuwa ndivyo vitakavyofuata. Ndani ya wiki chache mlipuko ulikuwa umezimwa, ingawa sehemu kubwa ya wakazi wa eneo hilo walikuwa bado hawajachanjwa.

Foege aliwahi kufanya kazi ya kuzima moto wa misitu alipokuwa mwanafunzi, na baadaye alieleza kwamba fikra ilikuwa ile ile: mzima moto huondoa kilicho karibu na kuungua, hamwagii maji msitu mzima. Wazo halikuwa jipya kabisa. Mji wa Leicester nchini Uingereza, ambao wakazi wake wengi walipinga chanjo ya lazima katika karne ya 19, uliwahi kujikinga kwa kutoa taarifa haraka, kutenga wagonjwa na kuwaangalia waliowagusa. Uhaba ndio uliomlazimisha Foege kulifikia wazo hilo kwa upande mwingine. Yafaa kusema wazi kwamba kama shehena ingefika kwa wakati, huenda mpango wa awali ungetekelezwa kama ulivyoandikwa, na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Ubunifu wa aina hiyo hutokea katika vituo vya afya mara nyingi kuliko inavyoandikwa. Muuguzi hukosa kifaa, akabuni njia. Njia hufanya kazi. Mwezi unaofuata kifaa hufika na njia ile husahaulika. Ya Ogoja haikusahaulika kwa sababu ilihesabiwa. Wagonjwa waliorodheshwa kabla na baada, na orodha hiyo ikaweza kuwekwa mbele ya watu wenye mashaka. Mpango wa nchi 20 za Afrika Magharibi na Kati ukabadilishwa kwa kufuata njia hiyo, na kufikia katikati ya mwaka 1970 eneo hilo lote halikuwa na ndui.

Vitu ambavyo havikuachwa huru

Mtu anaweza kudhani kutokana na kisa hicho kwamba siri ya mradi wa ndui ilikuwa kuwaacha watu wafanye watakavyo. Haikuwa hivyo hata kidogo. Kulikuwa na mambo machache ambayo hayakujadiliwa, na la kwanza lilikuwa ubora wa chanjo.

Mradi ulipoanza kupima chanjo zilizokuwa zikitumika katika nchi zenye ndui, ilionekana kwamba si zaidi ya sehemu moja kati ya kumi iliyofikia viwango. Maana yake ni kwamba mamilioni ya watu walikuwa wamekatwa ngozi bila kupata kinga yoyote. Maabara mbili, moja Uholanzi na nyingine Kanada, zikapewa kazi ya kupima sampuli za chanjo. Chanjo iliyokaushwa kwa baridi ilitakiwa kubaki na nguvu yake baada ya kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa muda wa wiki nne. Hapo hapakuwa na nafasi ya kubuni. Mtumishi anayeingia kijijini jua likiwa utosini anaweza kubuni namna ya kuzungumza na mzee wa kijiji, lakini hana njia ya kubuni kinga ndani ya kichupa kilichooza.

Kifaa cha kuchanjia kilikuwa na kisa chake. Kwa muda mrefu chanjo ya ndui ilitiwa kwa kukwaruza ngozi. Neno la Kiswahili *chanjo* lenyewe linatunza kumbukumbu hiyo, kwani kuchanja ni kutia chale. Baadaye ilikuja mashine iliyopenyeza dawa kwa msukumo bila sindano, yenye uwezo wa kuchanja hadi watu 1,000 kwa saa. Ilipendeza mno machoni, ila ilihitaji fundi na vipuri, na katika vijiji vyenye kaya zilizotawanyika hakukuwa na watu 1,000 wa kupanga foleni. Benjamin Rubin, mwanasayansi wa kampuni ya Wyeth, alichukua sindano, akaifanya iwe na ncha mbili kama uma mdogo. Tone moja la chanjo hushikwa katikati ya ncha hizo, kisha ngozi hudungwa haraka mara 15. Kichupa kimoja kikatosha watu mara nne ya awali, sindano iliweza kuchemshwa na kutumika tena, na mtu asiyesoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda wa robo saa.

Jambo la pili lisilojadiliwa lilikuwa taarifa ya kila wiki. Zaidi ya hayo, kila nchi iliachiwa kuchagua kama ingetumia timu maalumu au watumishi wa kawaida wa zahanati, na ianzie wapi. Nchini Indonesia msimamizi mmoja aligundua kwamba akiwaonyesha watoto wa shule picha za mgonjwa wa ndui, walimtajia bila kusita nyumba zenye wagonjwa, ambazo wazazi wao na viongozi wa vijiji walikuwa wamezinyamazia. Picha hizo zikatengenezwa kuwa kadi rasmi ya utambuzi, zikachapishwa kwa wingi na kupelekwa kila nchi yenye ndui. Ndani ya mradi wa malaria, mtu kama huyo asingejua amwambie nani.

Bihar: ubunifu unapogeuka kuwa kazi ya kila siku

Mtihani mkubwa ulikuwa India. Katika msimu wa vuli mwaka 1973, watumishi wa afya wa majimbo yenye ndui walikubali kuacha kazi zao nyingine kwa takriban wiki moja kila mwezi, wapite kijiji kwa kijiji wakiwa na kadi za utambuzi, waulize shuleni, sokoni na majumbani. Msako wa kwanza katika majimbo ya Uttar Pradesh na Bihar ulivumbua wagonjwa zaidi ya 10,000 ambao hawakuwa wakijulikana.

Hapo ndipo ujasiri wa msimamizi hupimwa. Kwa mwanasiasa na kwa mwandishi wa gazeti, namba hiyo ilionekana kama maafa yaliyoletwa na mradi. Katika wiki moja ya Mei 1974 Bihar peke yake ilirekodi maelfu ya wagonjwa, na serikali ya jimbo ikataka kurudi kwenye njia iliyozoeleka ya kuchanja kila mtu. Foege, ambaye wakati huo alikuwa India, amesimulia mkutano ambamo daktari kijana wa Kihindi alisimama mbele ya waziri wake, akakumbusha kwamba kijijini kwao nyumba ikishika moto, maji humwagwa juu ya nyumba hiyo. Waziri aliwapa mwezi mmoja zaidi. Mei 1975 India ilipata mgonjwa wake wa mwisho.

Kilichofanyika kati ya miezi hiyo kilikuwa kazi ya uchoshi, na pengine ndiyo sababu husimuliwa mara chache. Nyumba ya mgonjwa iliwekewa walinzi wa zamu, usiku na mchana, wasimruhusu mtu kuingia bila kuchanjwa. Familia iliyozuiwa ililetewa chakula, kwa maana mwenye njaa hawezi kuambiwa akae ndani. Kila tetesi iliandikwa katika daftari la tetesi, na mbele yake tarehe ya kuchunguzwa na jina la aliyechunguza. Watathmini walirudi katika sampuli ya vijiji vilivyokwisha kupitiwa, wakawauliza wakazi kama kweli mtafutaji alifika, na kama wanajua wampe nani habari za mgonjwa na zawadi yake ni kiasi gani. Zawadi hiyo iliongezwa kadiri wagonjwa walivyopungua.

Kila mwezi wasimamizi walikutana. Walitazama namba, wakauliza ni wapi njia ilishindwa, na kama mtu kutoka wilaya fulani alikuwa amepata mbinu bora, fomu na maelekezo ya mwezi uliofuata yalibadilishwa. Mkutano huo ndio uliounganisha pande mbili ambazo kwa kawaida hugombana. Aliyebuni alijua siku atakayosikilizwa. Aliyefuata utaratibu alijua kwamba utaratibu huo ungedumu angalau hadi mwisho wa mwezi, na kwamba hakuna atakayeubadilisha kiholela katikati ya kazi.

Milango iliyovunjwa

Sura moja ya historia hii hupitiwa haraka katika hotuba za sherehe. Katika miezi ya mwisho Asia ya Kusini, pale shinikizo la kumaliza lilipozidi, baadhi ya timu ziliwazunguka watu usiku, zikavunja milango na kuwachanja kwa nguvu waliokataa. Mambo haya yameandikwa, na baadhi ya walioyaandika ni wale wale walioshiriki. Hapakuwa na kanuni iliyowaelekeza kufanya hivyo, wala iliyowakataza kwa uzito uliostahili.

Mtetezi atasema kwamba ndui ilikuwa ikiua karibu watu watatu kati ya kila kumi iliowapata. Ni kweli. Lakini ubunifu ulioachwa bila mpaka ulimgeuza mgonjwa kuwa kizuizi cha mradi uliokuwa ukiendeshwa kwa jina lake. Ridhaa ya mtu, siri zake, na haki yake ya kuelezwa ni mambo ya kuwekwa upande mmoja na ubora wa chanjo, miongoni mwa yale yasiyobuniwa. Watumishi wa afya wanaohangaika leo na jamii zinazoziogopa kampeni za chanjo wanafahamu kwamba kumbukumbu ya mlango uliovunjwa hudumu kuliko kovu la sindano.

Dereva aliyeuliza njia

Ndui ya mwisho ilikuwa katika Pembe ya Afrika. Ethiopia ilipata mgonjwa wake wa mwisho Agosti 1976, lakini ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka, na mwaka 1977 Somalia ilirekodi wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wafugaji wahamaji. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo gari lililobeba watoto wawili wagonjwa lilifika Merca, mji wa pwani ulio kati ya Mogadishu na Barawa. Dereva hakuijua njia ya kambi ya kutengea wagonjwa, akasimama hospitalini kuuliza. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23 aliyekuwa mpishi wa hospitali hiyo, alipanda gari kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache.

Watumishi wote wa hospitali walitakiwa kuwa wamechanjwa. Maalin hakuwa na kinga. Baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Homa ilipompata alilazwa kama mgonjwa wa malaria. Vipele vilipotoka ikadhaniwa kuwa ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Ni mfanyakazi mwenzake aliyetoa taarifa, siku ya 30 Oktoba. Hapo mashine yote iliyojengwa kwa miaka kumi ikaamka: watu 161 waliokuwa wamekutana naye wakatafutwa mmoja mmoja, hospitali ikafungwa isipokee wagonjwa wapya, barabara zikawekewa vizuizi, na watu 54,777 wakachanjwa katika wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyeugua baada yake. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa hospitali, na ni utaratibu mwingine, ule wa kutafuta waliogusana na mgonjwa, ulioliziba pengo hilo. Maalin mwenyewe alipona, na miaka mingi baadaye alizunguka Somalia akiwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwaeleza kwamba yeye aliwahi kuikwepa sindano.

Namba inayopelekwa wilayani

Zahanati na kliniki za leo hazitokomezi ndui, lakini zina mipango, bajeti na viashiria, na katika Tanzania kila kituo huingiza kazi zake katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na kupeleka takwimu zake kwa fomu za MTUHA. Mara nyingi watumishi hulalamika kwamba fomu hizo huua ubunifu. Historia ya ndui inaonyesha kwamba fomu yenyewe haina kosa. La kuulizwa ni fomu hiyo inahesabu nini.

Mfano wa karibu zaidi unatoka mkoa wa Tete nchini Msumbiji.  Mwaka 2008 watu waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya VVU, wakisaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, walianza kuunda vikundi vya watu wasiozidi sita. Kila mwezi mmoja wao alikwenda kituoni kwa niaba ya wote, akachukua dawa za kikundi kizima, naye akapimwa siku hiyo hiyo. Nauli ya mwezi ikawa nauli ya nusu mwaka. Kituo kilipunguza foleni. Kwa mazoea ya zamani ya kuhesabu mahudhurio, kliniki hiyo ingeonekana kuwapoteza watu watano kati ya sita. Kwa kuhesabu walio hai na wanaoendelea na dawa, zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa wamebaki katika matibabu. Uhuru huo ulikuwa na kamba zake: kadi ya kikundi, hesabu ya vidonge, na kila mwanachama kufika kituoni kwa vipimo kwa zamu yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wagonjwa ambao hali zao zimetulia waonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na leo utaratibu huo ni wa kawaida katika nchi nyingi za Afrika.

Kliniki za shinikizo la damu na kisukari bado ziko nyuma katika jambo hili. Katika nyingi, kinachopelekwa wilayani ni idadi ya waliohudhuria. Mgonjwa aliyefika mara kumi na mbili kwa mwaka huku shinikizo likiwa 170 kwa 100 kila mara huingia kwenye takwimu kama mahudhurio kumi na mawili mazuri. Mwenzake aliyedhibitiwa, akapewa dawa za miezi mitatu na kurudi shambani kwake, huhesabiwa mara nne tu. Muuguzi anayetaka kujaribu njia nyingine hana haja ya kungoja fomu mpya kutoka wizarani. Anaweza kuongeza safu moja katika daftari la kliniki, ya wagonjwa ambao kipimo chao cha mwisho kilikuwa chini ya 140 kwa 90, na kuijumlisha kila mwisho wa mwezi mbele ya wenzake. Mgonjwa naye anaweza kuuliza, anapokabidhiwa kadi yake, namba iliyoandikwa leo ni ngapi, na mara iliyopita ilikuwa ngapi.